Kibo Kushoto, Mawenzi Kulia

Kazi ya sindano haina wahakiki. Riwaya inao, ushairi unao, hata taarabu imepata watu wa kukaa na kuipima. Lakini kitambaa kilichodariziwa, kikishatandikwa mgongoni mwa kochi, hupewa neno moja tu, "kizuri", kisha mgeni hukiegemea na kungojea chai. Neno hilo si baya, ila halimsaidii aliyekishona. Halimwambii kwa nini hiki kinapita kile, wala halimwambii ashone nini mwakani.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri. Tuko wanawake kumi na wawili, baadhi wakazi wa mjini Moshi, wengine huteremka kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi. Kila Desemba tuna desturi ya kutandaza juu ya meza kazi za mwaka mzima, zile ambazo hazijauzwa pamoja na michoro ya zile zilizokwisha kwenda, ili tupange za mwaka unaofuata. Safari hii niliombwa niseme neno. Nilisema marefu kuliko walivyotazamia, na mengine yalinijia baadaye nikiwa nyumbani. Yote nayaweka hapa.

Foronya nazipita haraka. Maneno ni yale yale, Lala Salama na Usiku Mwema, herufi zimenyooka, nyuzi za nyuma zimefichwa vizuri, na anayelalia mto huo hana la kudai zaidi. Shuka la harusi, lililomchukua mwenzetu wa Kibosho wiki saba za jioni, lina ukingo ambao sijauona mzuri zaidi kwa miaka mingi, na katikati lina njiwa wawili ambao wangeweza kuachwa. Kitambaa cha altare, cha zambarau kwa ajili ya Kwaresima, nilikishona mimi, kwa hiyo nawaachia wengine wakiseme. Kazi zenye mjadala ni mbili: seti za makochi, na vitambaa vya ukutani vyenye picha ya mlima.

Nianze na makochi. Kitambaa cha mgongo wa kochi kilipata umaarufu Uingereza katika karne ya 19, wakati wanaume walipopaka nywele zao mafuta yaliyoitwa Macassar na wenye nyumba wakatafuta namna ya kuokoa viti vyao. Huko kimekwisha kuwa kitu cha kizamani. Kwetu kimekaa. Nimeingia nyumba za udongo na nyumba za ghorofa, za Waluteri, za Wakatoliki na za Waislamu, na kila nilipoingia nilikikuta, kimepigwa wanga kikasimama kama kola ya shati. Siku hizi adui yake si mafuta ya nywele. Adui ni lesi ya kiwandani kutoka China inayouzwa Soko Kuu, ambayo seti yake nzima wakati mwingine inapatikana kwa bei isiyotosha kununua nyuzi zetu. Kila mwaka tunaulizana kwa nini tunaendelea.

Ukiziangalia seti za mwaka huu, maua yanayotawala ni mawaridi. Wapo wanaolalamika juu ya jambo hili, nami nimesikia malalamiko hayo tangu ujana wangu: kwamba waridi si letu, liliteremka melini pamoja na wageni. Ni kweli kwamba sindano ya kudarizi iliingia huku mlimani zaidi kwa njia ya misheni. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kilema na Kibosho, Waluteri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na baada yao wasichana wakafundishwa kushona, pamoja na michoro iliyokuja na walimu wao. Lakini lawama inayoishia hapo ni ya mtu asiyekitazama kitambaa. Mimi nimeyatazama mawaridi yetu kwa miwani, moja baada ya jingine, na nataka kusema nilichokiona.

Kwanza msomaji asiyeshika sindano aelewe namna mchoro unavyosafiri. Karatasi ya kaboni hulazwa juu ya kitambaa, mchoro huwekwa juu ya kaboni, na kalamu ya risasi hufuata mistari. Mchoro ukichakaa hakuna anayerudi kwenye kitabu, kwa sababu kitabu hakipo. Mtu huazima kitambaa cha shangazi yake kilichokwisha kushonwa na kunakili kutoka hapo. Nakala huzaa nakala. Siku hizi watu hutumiana picha kwa simu, lakini mwenendo ni ule ule. Sasa, mahali ambapo mstari umefifia, mkono hulazimika kuamua, na mkono huamua kwa kile unachokijua.

Majani ya waridi lenyewe, lile la bustanini, hutoka kwa zamu, moja huku na jingine mbele yake kule, na kila jani limegawanyika katika vijani vidogo vyenye meno pembeni. Katika seti tano kati ya sita zilizokuwa juu ya meza, majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, mapana katikati, yamechongoka nchani, na ukingo wake unafanya mawimbi. Hayo ni majani ya mkahawa. Hapana aliyekusudia. Bibi fulani, nyuma huko, alikuwa na mchoro uliofifia mbele yake na kihamba chake nje ya mlango, na alipofika mahali pasiposomeka, sindano ikaenda ilikozoea. Binti yake akanakili. Kwa hiyo tunalo ua lenye kichwa cha bustani ya Ulaya na shina la kihamba, na kwa maoni yangu ndilo ua zuri kuliko yote tunayoyashona. Ushauri wangu kwa kikundi ulikuwa kwamba waridi hili lisisahihishwe kamwe kwa kutafuta picha safi ya waridi. Atakayeleta picha hiyo ataharibu kazi ya vizazi vitatu.

Hapo mmoja wetu, ambaye mume wake ni wa Pwani, aliuliza kama basi nakala ni jambo jema. Swali lilikuwa zuri na liliniweka macho usiku ule. Nilifikiri juu ya kofia ya viua ya Unguja na Lamu, ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambayo jamaa zake huvaliwa mpaka Oman na Komoro. Kofia hiyo hurudia umbo moja kuizunguka duara nzima, na fundi akikosa hesabu kosa linaonekana pale pale, kwa sababu umbo la mwisho halikutani na la kwanza. Lakini umbo hilo halidai kwamba linafanana na kitu fulani duniani. Linadaiwa likubaliane na lenyewe tu. Picha ina deni jingine. Ukishona kitu chenye jina, na kitu hicho kipo, mtu anaweza kukitazama kitambaa kisha akageuza shingo na kukitazama kitu chenyewe.

Ndipo ninapofika kwenye mlima.

Vitambaa vya mlima ndivyo vinavyotuletea fedha. Huchukuliwa na wenye maduka wanaouzia wageni, wale wanaokuja kupanda. Mwaka huu tulishona ishirini na viwili, na ishirini na kimoja vina picha moja: juu mlima wenye theluji, chini tambarare ya nyasi za manjano, mti wa mgunga wenye kilele bapa kama mwavuli, na tembo, mara mmoja, mara mama na mtoto. Mishono ni safi. Mgunga umeshonwa kwa vifundo vidogo vidogo vinavyoleta kivuli cha kweli, na tembo mmoja, aliyeshonwa na mwenzetu wa Old Moshi kwa nyuzi za kijivu cha aina tatu, ana ngozi ambayo mtu anatamani kuigusa. Nayasema haya ili isije ikadhaniwa kwamba nalaumu mikono.

Tazama vilele. Katika vitambaa vyote ishirini na kimoja, kile kilele chenye meno, Mawenzi, kiko kushoto, na Kibo iko kulia.

Mtu aliyezaliwa Moshi hahitaji kuelezwa, lakini msomaji wa mbali aambiwe. Sisi tuko kusini mwa mlima. Tukitazama juu tunatazama kaskazini, magharibi iko kushoto kwetu na mashariki iko kulia. Kibo iko upande wa magharibi, Mawenzi mashariki. Kwa hiyo kila asubuhi mawingu yanapokuwa bado hayajafunga, mtoto wa Moshi akienda shuleni anaona Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Hata hadithi tuliyosimuliwa utotoni inaweza kufuatiliwa kwa kidole: Mawenzi aliyekwenda kwa Kibo kuomba moto tena na tena, mpaka Kibo akachoka na kumponda kwa mchi, ndiyo maana yule wa kulia ana mgongo uliovunjika.

Nilidhani kwanza kwamba kosa ni la kaboni, kwamba mchoro uligeuzwa katika kunakili, jambo linalotokea. Lakini tembo na mgunga wanatoa ushahidi mwingine. Mlima wenye Mawenzi kushoto, nyasi za manjano chini, na tembo katikati, upo. Ni mlima unaoonekana kutoka Amboseli, nchini Kenya, upande wa kaskazini. Huko wapigapicha wamesimama kwa miaka mingi kwa sababu uwanda ni mpana na wanyama wako karibu. Picha hizo zikaingia katika kalenda, kadi za posta na vitabu vya watalii, na kutoka humo zikaingia katika kaboni. Ndivyo ilivyotokea kwamba wanawake wanaoishi chini ya mlima, wanaokunywa maji yake, wanaushona kama unavyoonekana kwa jirani, tena wakiwa wameupa kisogo, kwa maana karatasi iko mezani na dirisha liko nyuma.

Waridi na mlima vimepita katika kaboni ile ile. Katika waridi, jicho la mshonaji lilipenya mahali palipofifia likaacha jani la kahawa. Katika mlima halikupenya, kwa sababu picha ya kalenda haifufii. Kila mwaka huchapwa upya, na mkono haupewi nafasi ya kuamua chochote. Nadhani ndiyo maana tembo yule wa kijivu, pamoja na uzuri wake wote, hanikai moyoni. Tembo wapo kwetu pia, upande wa Siha na upande wa Rombo, na wakulima wanaoamka na kukuta migomba imelazwa chini hawawafikirii kama pambo la ukutani.

Nilisema ishirini na kimoja. Cha ishirini na mbili kilishonwa na mama mmoja wa Uru. Yeye alichora kwa penseli moja kwa moja juu ya kitambaa cha jinja, amekaa kwenye kizingiti cha jiko lake, siku kadhaa mfululizo kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla ya mawingu. Kibo ameishona kwa mishono mirefu ya kulala, iliyobanana, hata mwanga unateleza juu yake. Mawenzi ameishona kwa mishono mifupi iliyokatikakatika, hakuna miwili inayoelekea njia moja. Mkanda wa mawingu kati ya msitu na vilele hakuushona kabisa. Ameacha kitambaa kitupu, na utupu huo ndio wingu. Sijaona jambo la busara zaidi ya hilo katika kazi zote za mwaka. Chini kuna migomba, mringaringa mmoja, na ua wa masale ambao unajua mara moja kwamba ni mpaka wa kihamba cha mtu.

Hakikosi dosari. Theluthi ya chini imejaa kupita kiasi, macho hayapati pa kupumzikia, na mnara wa kanisa ni mkubwa mno kwa umbali ule. Ungesimama kweli kwa kipimo hicho ungegusa msitu. Kijani ni kimoja tu, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho, hivyo mgomba na mringaringa vinatofautiana kwa mwelekeo wa mshono peke yake. Walakini hata umaskini huo wa rangi umemlazimisha kufikiri, na kufikiri kunaonekana.

Kitambaa hicho kilipelekwa dukani mwezi wa Aprili pamoja na vingine vinne. Vinne viliuzwa. Hicho kilikaa mpaka Agosti kikarudishwa, na mwenye duka, ambaye si mtu mbaya, alieleza kwamba wageni wanakigeuzageuza na kuuliza huu ni mlima gani. Mlima wenye tembo hutushika siku nne. Huu ulimshika mwenzetu wiki tatu, pamoja na kufumua. Mwezi wa Julai alikuwa na ada ya mtoto wa kidato cha pili ya kulipa, na aliilipa kwa fedha za tembo.

Katika mkutano wetu jambo hili liligawa meza. Mama mmoja, mkubwa kwetu wote, alisema mnunuzi hanunui mlima, ananunua kumbukumbu, na kumbukumbu yake aliipata kwenye kitabu kabla hajapanda ndege. Tumpe aliyokuja nayo. Mwingine alisema, "Bibi, lakini akirudi kutoka kileleni amepitia Machame au Marangu. Kwa siku tano au sita huo mlima wa Amboseli hakuuona hata mara moja." Wote wawili wana haki. Mimi siwezi kumwambia mwanamke mwenye ada ya kulipa aache tembo, na mhakiki anayethubutu kusema hivyo alipe ada hiyo kwanza. Ninachokataa ni hoja kwamba mgeni aliuliza "huu ni mlima gani" kwa hiyo kitambaa kimeshindwa. Kitambaa kilichomfanya mtu asimame na kuuliza, kisha ageuke kutazama nje ya mlango wa duka, kimefanya kazi ambayo vile ishirini na kimoja havikuifanya. Kilichokosekana ni mtu wa kumjibu.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la uzi mweupe. Picha za kalenda zimebeba theluji ya zamani, imeteremka mabegani mwa Kibo kama shuka. Wazee wa Uru na Marangu wanaikumbuka hivyo. Lakini wataalamu waliopima wanasema kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kibo lilipungua kwa asilimia 85 hivi, na asiye mtaalamu anaweza kuliona hilo akiwa shambani. Mama wa Uru alishona alichokiona: vipande, si shuka. Wenzake wawili walimwambia mlima wake unaonekana una upara. Nami namuunga mkono kabisa. Fundi akiongeza weupe usiokuwepo kwa sababu ya huruma, kitambaa chake hakitamsaidia mjukuu atakayetaka kujua bibi yake aliona nini.

Sasa mipango. Tembo wataendelea, kumi na wawili, kwa ajili ya maduka. Hilo lilipitishwa bila ubishi. Mawaridi yataendelea yalivyo, na nimeomba niwekewe nakala ya kila mchoro kabla haujachakaa. Njiwa wa harusi wamepumzishwa mwaka mmoja, ingawa mwenzetu wa Kibosho amenuna kidogo. Na kwa akiba ya kikundi tutanunua kitambaa na nyuzi za kazi sita za mlima ambazo hazitapita kwenye kaboni. Kila moja itachorwa mahali pake na mtu wa pale: Moshi mjini, Uru, Machame ambako Kibo ndiyo inayojaza macho, Marangu, Mwika, na Rombo. Kila kitambaa kitaambatana na kikaratasi kilichoandikwa mahali mchoraji alipokaa, ili muuza duka awe na jibu.

Rombo ilileta kelele. Huko mashariki Mawenzi imesimama mbele na Kibo iko nyuma yake, kwa hiyo mtu wa Rombo akishona anachokiona, jitu lililopondwa kwa mchi ndilo litakalokuwa kubwa. Wa Old Moshi walicheka, wakasema huo utakuwa mlima wa ngapi tena. Hatuna mwenzetu wa Rombo katika kikundi. Dada mmoja ana wifi yake Mkuu, mwenye mkono mzuri wa kushona foronya, ambaye hajawahi kuchora kitu. Atapelekewa kitambaa na penseli kabla ya Pasaka. Nyuzi tumezihesabu kwa vifundo vya mita 8: kijani cha aina nne safari hii, kijivu cha aina tatu, kahawia mbili. Nyeupe tumeandika vifundo viwili kwa kila kitambaa, badala ya vitano tunavyotumia kwa mlima wa tembo, na tumekubaliana kwamba barafu ishonwe kama ilivyo asubuhi ya kuchora, na tarehe ya asubuhi hiyo idariziwe kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, chini ya Mawenzi. Wa Rombo ataiweka popote atakapopata nafasi.